Majina ya Picha 6,214

Jumatano, Mbinga

Majina ya picha zangu 6,214 yalipotea juzi Jumatatu, fundi wa kompyuta aliponihamishia picha kwenye programu mpya ya kuzitunza na kuifuta ile ya zamani. Miaka tisa ya kupiga watu picha nimeandika kwenye kila picha jina la mtu, baba yake na kijiji. Bila hivyo humpati mtu huku. Akina Ndunguru peke yao ninao 702.

Leo amekuja Mama Otilia wa Maguu. Mumewe anazikwa kesho, na picha ya kutangulia jeneza hana. Nilimpiga mzee picha kwenye kipaimara cha mjukuu wao.

"Mtafute, mwanangu. Si wewe uliyeandika?"

Nimeona aibu. Basi nikazihamishia picha kwenye kompyuta ya mke wangu, yenye programu nyingine ndogo ya bure, nikaandika jina la mzee bila matumaini.

Akatokea. Na chini yake maneno yangu yote, hadi jina la baba yake.

Kumbe hayakutoka kamwe. Yalikuwa ndani ya picha yenyewe, ila programu mpya haijui kuyasoma. Mama Otilia akagusa kioo. "Kwa hiyo amelibeba jina lake mwenyewe."

Lakini yale majina 38 niliyoandika kwenye programu mpya tangu juzi, je? Nimemtumia fundi ujumbe: programu yako inayaandika ndani ya picha, au inabaki nayo yenyewe, yapotee siku ikifutwa? Usiniambie inategemea. Nijibu kesho kabla ya saa sita mchana.