Mikono ya Bibi

Igowole, Jumapili jioni, 1956

Nilisahau kuzungusha filamu. Basi, hilo tu. Miaka yote hii na kamera, bado nakosea kama mtu aliyeinunua jana.

Machi nilimpiga picha mama yake Anna, jirani yangu, akipepeta ulezi barazani. Akafariki wiki ileile. Filamu haikuwa imeisha, ikabaki kwenye kamera mpaka ubatizo wa mjukuu wake, mtoto wa Anna, Jumapili iliyopita. Jana nilijifungia stoo nikaisafisha. Picha mbili, ya bibi na ya ubatizo, zimepandana. Bibi amenyoosha mikono, na kilichomo si ungo. Ni mtoto.

Leo Anna alinisimamisha baada ya ibada.

“Mwalimu, ile ya mama imetoka? Hatuna nyingine.”

Nikasema haijakauka. Nimedanganya, tena mlangoni pa kanisa.

“Haya. Ngoja nimuwahi mtoto, ana homa tangu juzi.”

Akiiona atasema mama yake amekuja kumchukua mtoto. Mimi najua ni uzembe wangu. Najua kabisa.

Nimeificha ndani ya Biblia. Ukungu umeshuka, nyumba yao siioni. Nimeacha dirisha wazi na baridi yote hii, nipate kusikia kama mtoto bado analia.