Shahidi Hana Fungu

Busia, Jumapili

Dada yangu Nakhisa,

Kwa majonzi makubwa nakutangazia kuwa jino langu la mbele limetutoka. Limefia kazini, kwenye muhogo mkavu. Marehemu ameacha pengo lisilozibika.

Magoti yako yanaendeleaje? Na yule jogoo mkorofi? Sisi wa Wandegeya, Kampala, tupo. Wanafunzi bado wanasifu mapishi ya kibanda changu, hasa wakiwa na njaa.

Aliyekuletea barua hii ni Julienne, Mkongo, bado mtoto. Mpe chai kwanza, kisha uendelee kusoma.

Bwana mmoja, Barnabé, alimtoa kwao kwa ahadi ya kazi ya saluni, akamfungia na wenzake katika nyumba mtaani Namuwongo, huko huko Kampala, awauze. Polisi walipowaokoa, Afande Oloya, mteja wangu, alitamba kibandani kwamba sheria imekazwa: anayeuza mtoto atazeekea jela. Baadaye akarudi anakuna kichwa. Makali yameongezwa, bajeti haikuongezwa. Mshitakiwa ana fungu lake la posho, ule ugali wa Kampala, na maharage. Shahidi hana hata mkeka. Wenzake Julienne wamesharudishwa makwao kwa kukosa pa kulala, kesi imebaki mikononi mwake. Afande akaniomba nimlaze kwangu, maana tunasikilizana Kiswahili. Mama watoto alikubali kabla yangu, kama ilivyo desturi ya nyumba ile.

Kisha Barnabé akapata dhamana. Mtu nisiyemjua akaanza kuja kibandani. Anaagiza chai, hainywi. Anaitazama ikipoa, anauliza nina mabinti wangapi. Nikamwambia ni wengi, na wote wananila mimi. Hakucheka.

Dada, sasa yaliyotokea hasa. Jino halikutolewa na muhogo. Juzi yule mtu alikuja na mwenzake, wakafunga mlango, wakauliza msichana yuko wapi. Kwa mara ya kwanza tangu unifahamu, nilinyamaza. Julienne alikuwa nyuma ya magunia ya makaa, anasikia kila pigo.

Afande alishanionya: nikimvusha mtoto wa watu mpaka bila karatasi, sheria hiyo hiyo itaniita mimi muuza watu. Leo asubuhi nimemvusha hapa Busia kuingia Kenya, tumejitwika vitunguu kama wachuuzi wengine. Nimesema ni binti yangu.

Ninarudi Kampala sasa hivi. Mama watoto yuko peke yake. Usinipigie simu, sijui nani ataipokea. Kesi ni Septemba, nitamfuata mwenyewe. Akitokea mwingine yeyote anayejiita mjomba wake, hata mwenye meno yote, usimfungulie.

Nisalimie wa nyumbani, na jogoo pia.

Mdogo wako mwenye pengo,
Nyongesa