Jembe la Siku ya Tatu

Kitale, 2 Novemba

Binti yangu Loice,

Pokea salamu zetu, kisha pokea za mama yako peke yake, maana amesema zake zisichanganywe na zangu. Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto hulia mvua ikikaribia, lakini tumeshazoeana. Wewe na mashine yako ya kusaga mnaendeleaje? Mvua za huko Kampala, mtaani kwenu Bwaise, tunazisikia redioni, na kila zikitajwa mama yako huuliza kama una viatu vya mpira.

Najua unacheka kwamba baba yako anatumia simu kuandika barua nzima yenye mji na tarehe. Cheka. Ujumbe usio na salamu ni kelele, na kelele zipo za kutosha.

Sasa habari yenyewe. Nagombea uenyekiti wa soko. Ndiyo, mimi, muuza mbegu za mahindi. Kura ni katikati ya Desemba. Jana nilipanda juu ya meza nikahutubia, na watu walipiga makofi mpaka njiwa wakahama paa. Unajua siku hizi wachuuzi kutoka Uganda wamejaa mlangoni pa soko, mteja hapati pa kupitisha mguu. Nikawauliza watu wangu, "Mgeni siku mbili, ya tatu je?" Wakaitikia wote, "Mpe jembe!" Nikasema basi, na waende wakalime kwao. Nilishangiliwa kama harusi. Yule Laker, Mganda anayeuza ufuta kando ya meza yangu alikuwa amekaa pale pale akifunga vifurushi vyake. Yeye hana neno, ni mama wa heshima. Mimi nilisema wale wengine.

Niombee.

Baba yako,
Khisa


Kampala, 10 Novemba

Baba mpendwa,

Salamu nimezipata, zako na za Mama, kila moja na mfuko wake. Mimi mzima, viatu vya mpira ninavyo, na hilo goti lipake mafuta ya moto usingoje mvua. Hongera kwa kugombea.

Huku nako ni msimu wa kura. Kuna mgombea udiwani hapa mtaani, zamani alikuwa jeshini, kila mtu humwita Afande. Huwa anahutubia kwa Kiluganda kama wenzake, na kwa Kiluganda anachekesha kweli. Lakini Kampala, Baba, ukisikia mwenye cheo ameacha Kiluganda akaanza Kiswahili, jua anataka kumtisha mtu. Jumamosi alisimama karibu na mashine yangu na kipaza sauti, akasema mafuriko ya Bwaise yanaletwa na wageni wanaotupa taka mtaroni, Wakongo na Wakenya. Kisha akatugeukia kwa Kiswahili: "Mgeni siku mbili. Ya tatu, mpe jembe. Nyinyi mumekaa siku ngapi?"

Makofi yalikuwa mengi. Aliyeshika bango lake mbele kabisa ni Zubaida, jirani yangu muuza makaa, ambaye mtoto wake alipougua nilimbeba mimi mgongoni hadi kwa daktari. Tangu siku hiyo wateja wanapita mlangoni kwangu wakiangalia upande wa pili, na jana mtu alitupa jiwe juu ya bati. Nilimwendea Zubaida. Akanishika mkono kwa upendo wote. "Loisi, nyabo, mimi sikusema wewe," akaniambia kwa Kiswahili chake chenye Kiluganda. "Nilisema bale bengine." Nikamuuliza kama hao wengine ni Kavugho, yule Mkongo wa vitenge ng'ambo ya njia. Akasema hapana, Kavugho ni rafiki yake. Tukawatafuta hao wengine kuanzia juu ya barabara mpaka chini, hatukuwapata.

Nimeumia, sikufichi. Mwenye nyumba anasema fujo ikizidi itabidi niondoe mashine, na nikitoka hapa sina pengine pa kuanzia. Nifanye nini?

Binti yako,
Loice


Kitale, 11 Novemba

Binti yangu Loice,

Salamu, ingawa leo nazitoa kwa meno. Nimesoma barua yako chai ikapoa mbele yangu. Huyo mtu hana adabu! Methali ya wazee anaichukua kuwapigia watoto wa watu? Mwambie debe tupu haliachi kuvuma. Mwambie hata yeye babu yake alifika Bwaise akitokea mahali. Nimekuandalia na mengine makali hapa chini, uyaseme mbele za watu, kwa sauti ya tumboni kama nilivyokufundisha.

Au basi, rudi nyumbani. Funga mashine kwenye lori uje. Kwenu ni huku.

Mama yako ameisoma naye barua yako. Alicheka, kisha akanitazama muda mrefu. Nilimuuliza anacheka nini, akasema hakuna.

Baba yako mwenye hasira,
Khisa


Kampala, 17 Novemba

Baba mpendwa,

Natumaini leo chai unainywa ikiwa moto. Mimi mzima, na nina la kukusimulia, kaa vizuri.

Maneno uliyoniandalia nilimsomea Kavugho. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema kwao Butembo wana matusi makali kuliko hayo na bado hayajamsaidia mtu. Akaongeza kwamba yeye amengoja jembe lake tangu siku ya tatu na hakuna aliyelileta. Hapo ndipo wazo lilipotujia. Jumamosi Afande alikuwa na mkutano kando ya mtaro mkubwa, ule unaofurika. Tukawaambia wanakwaya wa kanisa la Wakongo, na Wakenya wa stoo za mahindi, kila mmoja aje na jembe.

Kosa letu ni kwamba hatukufikiri tungeonekanaje. Kundi zima la wageni, majembe mabegani, tunatembea kimya kuelekea mkutano wa siasa! Watu wakaanza kukimbia. Polisi wakasimama. Mama muuza ndizi akazifunika ndizi zake na kuzikalia. Afande mwenyewe alirudi nyuma jukwaani akakanyaga waya, kipaza sauti kikapiga yowe. Nilitamani ardhi inimeze. Kavugho ndiye aliyeendelea kutembea, na kitenge chake cha Jumapili, mpaka mbele kabisa.

"Mzee," akasema, "ulisema siku ya tatu mugeni anapewa jembe. Tulingojea, haukutuletea, tukajinunulia ya kwetu. Utuonyeshe wapi ya kulima."

Hapo mtu mmoja akacheka, na kicheko cha Bwaise kikianza hakina breki. Tukashuka mtaroni. Wa kwanza kutufuata alikuwa Zubaida, gauni lake la gomesi amelikunja mpaka magotini, na bango la Afande amelilaza juu ya tope apate pa kukanyaga. Tulitoa chupa, magodoro, hata kochi zima. Afande naye alishuka, akashika jembe muda wa kupigwa picha, na jana gari lake lilipita likitangaza kwamba Afande amesafisha mtaro. Mwache aseme. Jana hiyo hiyo ilinyesha sana na maji yakapita.

Leo foleni ya mahindi mlangoni kwangu ni ya kawaida, na mwenye nyumba ameleta gunia lake mwenyewe lisagwe. Wapo bado wanaoniita Mkenya kama wanaotema mate, ila wananiita hivyo wakingoja zamu yao. Nimefurahi, Baba. Mikono imejaa malengelenge nami nacheka peke yangu.

Binti yako,
Loice


Kitale, 23 Novemba

Binti yangu Loice,

Salamu za furaha. Goti limetulia, mbegu zinatoka, na barua yako nimeisoma mara mbili. Kavugho huyo angezaliwa kwetu angekuwa mbunge. Lakini yule mtu amekuibia jasho lako, na mimi nisingekubali.

Nawe umenisaidia bila kujua. Juzi nilipanda mezani nikawasimulia watu habari yako, jinsi ulivyotukanwa na kutupiwa jiwe huko Kampala. Nikawaambia, mnaona wanavyowatendea watoto wetu? Na sisi tunawapa meza! Hujawahi kusikia makofi kama yale. Sasa uenyekiti nauona kwa macho.

Jioni vijana fulani waliipindua meza ya Laker, ufuta ukamwagika kwenye matope. Hilo sikulipenda. Lakini vijana ni vijana, damu ikichemka.

Baba yako,
Khisa


Kampala, 24 Novemba

Baba,

Nakusalimu, na Mama pia. Mwili ni mzima.

Habari yangu umeisimulia nusu. Umewaambia nilivyotukanwa, hukuwaambia Zubaida alishuka mtaroni. Siwezi kukufundisha kusema, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha mimi. Lakini siku Afande aliponiambia maneno yale, nilikuwa nimekaa kando ya mashine nikifunga mifuko ya unga, na baadaye mtu aliyemshangilia akaniambia, sikusema wewe. Ulipozisoma habari hizo ulisema Afande hana adabu.

Baba, huku Laker ni mimi. Na yeye ana baba mahali fulani, ambaye chai yake imepoa.

Nakuomba usinitaje tena juu ya meza yako. Unaniambia nirudi nyumbani. Nikirudi, nitarudi kwenye soko la namna gani? Nimeandika nikilia, na nimeandika kwa kuwa nakupenda.

Binti yako,
Loice


Kampala, 5 Desemba

Baba mpendwa,

Salamu tena. Hii ni barua ya pili bila jibu, na simu inanionyesha kwamba ile ya kwanza uliisoma. Goti linaendeleaje? Zubaida ameweka mafuta ya kuchua kwenye chupa ya soda, nimempa dereva wa basi la Kitale akuletee. Zubaida aliniuliza baba yangu ni mtu wa namna gani, nikamwambia ni mtu wa maneno mengi.

Kama nimekukosea heshima, nigombeze. Kugombezwa nawe nimekuzoea tangu utotoni. Kimya chako ndicho nisichokijua, na kinanitisha kuliko kipaza sauti cha Afande.

Binti yako,
Loice


Kitale, 16 Desemba

Binti yangu Loice,

Salamu zako zote zilifika, zikakaa ndani ya simu zikinitazama. Sisi ni wazima. Tangu ulipoandika, mama yako amekuwa akiniwekea chai mezani bila neno, na mama yako akikosa neno hata kuku wanajua. Mafuta ya Zubaida yananuka vibaya na yanafanya kazi. Mshukuru.

Barua yako ilikuwa na adabu pungufu kuliko nilivyokulea. Hilo tutaliongea.

Kura ilikuwa jana. Kabla ya watu kupiga nilipanda mezani kwa hotuba ya mwisho. Watu wangu walikuwa tayari, mimi nikisema tu mgeni, wao wanamalizia. Laker alikuwa amekaa kwenye meza yake, na mguu mmoja wa ile meza ni mpya, haujapakwa rangi. Nikafungua mdomo, na mwanangu, nikakuona wewe umekaa pale.

Nikasema, "Nina binti Kampala. Anawasagia unga watu ambao si wa kwao. Neno nisilotaka aambiwe yeye, sitalisema hapa."

Nikaongeza kwamba tatizo letu ni mlango mdogo, tudai upanuliwe. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa mama yako, na alipiga taratibu kama anayeua mbu.

Nimeshindwa, Loice. Nimeshindwa vibaya. Watu wangu waliona nimelegea wakaenda zao, na wale wengine wote walikuwa wameshamwahidi kura muuza viatu aliyesema atajenga choo. Jioni Laker alikuja na kifurushi cha ufuta wa kusaga, akakiweka juu ya mbegu zangu. Nikamshukuru kwa kunipigia kura. Akanitazama usoni akasema hakunipigia. Nikamwambia hata mimi nisingejipigia. Tulicheka wote wawili mpaka muuza viatu akaja kuuliza kuna nini, naye tukamwambia habari ya mlango papo hapo.

Sikulala vizuri wiki zile zote. Niliogopa umeacha kuwa na baba wa kujivunia, nami sikujua jambo kama hilo huandikwaje.

Njoo Krismasi. Mama yako ameshamchagua jogoo. Ule, upumzike, unikosoe ana kwa ana badala ya kunikosoa simuni. Mwaka ukigeuka nitakusindikiza mwenyewe mpaka kwenye basi, urudi kwako, Bwaise.

Baba yako,
Khisa