Nilifuta Matusi ya Mjomba, Nikafuta na Kilio cha Rafiki

Mpendwa mshauri, nisaidie, simu nimeizima na kuifungia kwenye droo ya cherehani. Mimi ni fundi nguo na ndiye msimamizi wa kundi la mtandaoni la mafundi wa jengo letu, cheo nilichopewa kwenye kikao ambacho sikuhudhuria, sasa wiki iliyopita mjomba wangu, mpiga pasi wa pale mlangoni, alituma sauti ya dakika nane, saba akilalamikia choo cha jengo, na choo kweli hakifai, ya nane akasema wanaokichafua ni wale wachache waliohamia hapa na lugha yao, kwamba ni kupe na watolewe, na rafiki yangu, fundi wa matundu ya vifungo, ni wa jamii hiyo na tumekaa meza moja miaka sita, akajibu kwa hasira kuwa yeye si kupe na mjomba amwombe radhi, basi mimi kwa kutafuta haki nikafuta ujumbe wa wote wawili, nikaandika "tupendane", nikaweka na kipicha cha ua, nikatangaza kila ujumbe upitie kwangu kwanza, tangu hapo nikawa kutwa nasoma habari za mikasi iliyopotea mpaka nilipoizima simu, mjomba anawaambia wateja mpwa wake amemziba mdomo, na rafiki yangu kahamishia kiti dirishani, hanisalimu, nami nina hamu naye sana. Nimekosea wapi?

Msimamizi Asiye na Raha

Msimamizi, pole, halafu kaa vizuri nikuseme. Mtu katukanwa, kasema asitukanwe, wewe ukawapa wote adhabu moja na ua juu yake. Hiyo si haki, ni kumwogopa mjomba.

Mjomba ana ruhusa ya kulalamikia choo mpaka sauti imkauke, na akitaka akulalamikie na wewe. Hapo usimguse. Lakini kuwaita watu kupe na kutaka watolewe ni kuwatafutia balaa, maana kuna atakayesikia akatekeleza. Hilo futa, mweleze kwa nini, kisha arekodi upya dakika zake saba. Na acha kuchuja ujumbe wa kila mtu, utazeeka bure na mikasi haitaonekana.

Leo hii kiri kundini kwamba hukupaswa kumfuta rafiki yako. Kisha nenda dirishani. Usianze na "si unamjua mjomba". Anza na "nilikosea", halafu nyamaza. Akikataa kukusamehe, ana haki ya kusema hivyo, na wewe utasimama umsikilize mpaka amalize.