Bastola Niliyoichagua Bila Wewe

Baba,

Jumamosi iliyopita nilifunga duka adhuhuri nikaenda kule ulikokuwa ukienda na ndugu yangu Wekesa. Mama aliniuliza ninaelekea wapi. Nikamwambia, kulenga shabaha. Aliendelea kuchambua kunde zake, nami nikapita.

Mengi yamebadilika tangu tukuzike nyumbani Bungoma. Duka naliendesha mimi sasa. Ndugu zako walikubali mapema kuliko nilivyotarajia, labda kwa kuwa hakuna aliyetaka kuja kuishi Umoja. Mabomba ya maji nimeyaleta mbele, maana kila mtu hapa anaongeza ghorofa juu ya nyumba yake. Wekesa bado yuko kwenye lile ghala la Industrial Area. Na bastola yako tuliipeleka kituoni, kama sheria inavyotaka mwenye leseni akifa. Tulienda pamoja, mimi na yeye. Askari alipoichukua, Wekesa alilia palepale kaunta, mwanamume mzima, mpaka askari akamvutia kiti.

Mimi sikulia. Nilimwonea wivu, Baba. Hata yale machozi nilimwonea wivu. Yeye alikuwa na kitu cha kulilia. Mimi bastola yako niliiona kwa mbali tu, ikiingia na kutoka kabatini.

Na unajua ilivyoanza. Jioni wale vijana walipoingia dukani kuiba, wewe ulikuwa nyuma ukipanga mifuko ya simiti. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Mtutu wa bastola yao uliwekwa hapa, juu ya sikio langu la kushoto, na ulikuwa baridi. Wekesa alikuwa chuoni Eldoret, alisikia habari kwa simu. Kwa hiyo ulipopata leseni nilijua utanichukua mimi. Jumamosi ile ya kwanza nilivaa raba zangu nikakungoja mlangoni. Ukatoka, ukanitazama miguu, ukasema, "Nafula, sasa nani atabaki dukani?" Kisha ukamwita Wekesa, aliyekuwa amerudi kutoka chuoni na bado yuko kitandani.

Kila Jumamosi, Baba! Mnarudi mnanuka baruti na nyama choma, mnacheka jambo ambalo hamnielezi. Mezani mnabishana. Wewe ukisema bastola ni ile ya arobaini na tano, risasi nene, ikigonga imegonga. Wekesa akisema ya milimita tisa inatosha. Mimi nawapakulia ugali. Siku moja nikauliza, "Na ipi haikwami?" Mkanitazama wote wawili kama watu waliosikia kuku akiongea. Halafu ukasema, "Hilo ndilo swali," ukaendelea kula.

Basi jibu nimelitafuta mwenyewe.

Nimeomba leseni yangu. Bado wananichunguza, lakini uwanjani wanakuruhusu kujifunza kwa bastola za pale, mwalimu akiwa kando yako. Nilimwomba Wekesa anisindikize kwa kuwa anapajua. Mwalimu anaitwa Mutheu, mama wa makamo aliyewahi kuwa askari. Alinipa kwanza kabastola kadogo, kanakoenea kiganjani. Akasema wanaume wengi huwanunulia wake zao kama hako, wakidhani kadogo ndiko kapole. Baba, kaliniuma! Chuma chenyewe chepesi, kwa hiyo teke lote la risasi linaishia mkononi. Risasi ya nne ikakwama. Mutheu akaniambia mkono wangu ulilegea, na bastola nyepesi ikishikwa kwa mkono uliolegea haimalizi kazi yake, ganda linanasa njiani. Nikamuuliza, mtu aliyeshtuka dukani kwake ana mkono gani kama si uliolegea? Akacheka. Akasema, "Ndiyo maana tunajaribu zote."

Nikaomba arobaini na tano. Sikuitaka kwa uzuri wake. Niliitaka kwa sababu ilikuwa yako, na kwa sababu Wekesa aliwahi kuishika nami sikuwahi. Ni nzito, na teke lake si la kuuma. Linakusukuma, kama mtu anayekupisha mlangoni kwa bega. Sikuichukia. Lakini kila nikipiga ilinichukua muda kurudi kwenye shabaha, na kufikia raundi ya pili vidole vilikuwa vimechoka. Nikaendelea tu, kwa ukaidi. Nilitaka Wekesa aone.

Mutheu akaitoa mkononi mwangu pole pole, akanipa ya milimita tisa, ile kubwa ya chuma. Hapo nikatulia. Nilipiga, ikarudi mahali pake. Nikapiga tena. Magazini nzima ya risasi haikukwama hata mara moja, na matundu kwenye karatasi yalikaa pamoja kama mbegu za papai. Kwenye karatasi ya Wekesa, aliyepiga kando yangu, yalikuwa yametapakaa. Nilifurahi, Baba, furaha mbaya. Nikamgeukia nione uso wake.

Alikuwa anatabasamu kwa uchovu. Akasema kukuhusu wewe, "Buda alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba utanipiga bao. Kila nikikosa alikuwa anasema, 'Nafula hatetemeki. Ningemleta yeye, lakini nikimwona karibu na bastola, naiona ile iliyokuwa kichwani mwake.'"

Nikamwambia anadanganya.

"Sista, unadhani zile Jumamosi zilikuwa raha? Nilikuwa naenda kushindanishwa na mtu ambaye hayuko. Nikipiga vizuri, Nafula angepiga vizuri zaidi. Nikitulia, Nafula ametulia kuliko mimi. Manze, nilikuwa nakuchukia, hata tukiwa mezani."

Akaenda kukaa kwenye benchi, akaanza kuokota maganda ya risasi karibu na viatu vyake.

Sijui ulitaka nihisi nini. Tangu siku ile nimejaribu kushukuru, nimeshindwa. Uliyasema yote hayo kwake! Yeye aliyeyasikia yalimchoma, na mimi niliyeyahitaji nilikuwa dukani nikiuza rangi. Ungeniita hata mara moja. Ungeniambia, "Mwanangu, naogopa." Ningebaki kaunta kwa moyo wangu wote.

Bado nina wivu, Baba. Sitakudanganya ati umekwisha. Angalau yeye alikuona ukikosa shabaha, alikuona ukijicheka, anajua ulikuwa ukifumba jicho gani. Nimemuuliza. Akasema la kushoto. Nimelichukua hilo, sasa na mimi ninalo.

Nimechagua ya milimita tisa. Najua ungebisha. Leseni ikitoka, itakuwa hiyo, na naomba Mungu isije ikatoka kwenye ala yake nje ya uwanja wa shabaha. Nimemwambia Wekesa tutakuwa tunaenda pamoja, na hatuongei habari za nani kapiga vizuri.

Ninayokuahidi ni haya. Kijana wako huyu, Wekesa, aliyelala karibu na kitanda chako hospitalini siku zako za mwisho, mimi niliposhindwa kuingia wodini, nitamsifu. Nitamwambia yeye mwenyewe, ana kwa ana, yeye akiwa anasikia. Jumapili baada ya kanisa nitapita kwake Huruma nianze.

Pumzika, Baba. Wewe ulinyamaza, mimi nitasema.

Bintiyo,
Nafula