Supu ya Bunda Niliyokunyima

Baba Bwire, mume wangu uliyelala Kiriba,

Sikuulizi hali, maana mtu aliye chini ya udongo hali yake inajulikana. Mimi mzima. Mguu wa kushoto bado unanisumbua, na paa la jiko bado linavuja pale pale uliposema utaziba ukirudi kutoka ziwani. Ulirudi mara nyingi. Hukuziba.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi zile nilizojifunza Nyegina kwenye mafundisho ya ubatizo, wakati ulipokuwa unanicheka kwamba mwanamke mzima anakwenda kuchora mchangani kama kuku. Barua hii siifungi. Wajukuu wataisoma, na ndugu zako wasomewe, hasa wale waliokaa kwenye matanga yako wakinong'ona kwamba Bunda ulikuwa na nyumba nyingine. Walidhani wananiambia jambo jipya. Mimi nilikuwa nalo moyoni miaka kumi kabla yao.

Tuanze na ile safari, miaka ile baada ya vita vya Hitla. Binti yetu alikuwa amejifungua Butiama, mtoto wa kwanza. Mimi nikafunga unga, nikafunga samaki, nikasema twende. Wewe ukasema twende, lakini kwanza tupitie Bunda, una mzigo wa samaki, ningu wakavu, wa kupeleka sokoni. Mtu wa Kiriba haendi Butiama kwa kupitia Bunda. Hata mbuzi anajua. Nikakuuliza, Bunda kuna nini? Ukasema kuna soko. Nikakwambia soko halimfanyi mtu aoge mara mbili.

Maana nilikuwa nimeshakuchunguza. Kila mwezi ulikuwa unakwendaga Bunda na samaki wako, na kila ukirudi hukukimbilia chungu. Mwanaume aliyetoka safari ya siku mbili akirudi hana njaa, huyo amelishwa. Na aliyelishwa ana mlishaji.

Musoma mjini ukaniingiza kwenye mgahawa karibu na gati, tukangoje lori. Ukaniagizia chai, kwenye kikombe ambacho midomo ya Musoma nzima ilikuwa imepita. Nikamwuliza mwenye mgahawa, haya maziwa ni ya ng'ombe wa nani? Akasema, "Wa maziwa, mama." Watu wakacheka. Ukainywa chai yangu na yako, ukasema, "Mama Bwire, mtu akisafiri anakula cha njiani." Nikakujibu kwamba cha njiani ndicho kinachowaliza wajane. Kumbe mjane nilikuwa najitaja mwenyewe.

Bunda tulifika juu ya magunia ya pamba, mchana, jua likiwa kali. Hukuuliza njia. Miguu yako ilikwenda yenyewe mpaka nyumba ya Mzee Salehe, mbele duka, nyuma chakula. Baba yake Mwarabu, mama yake Mnyamwezi, mwenyewe anasema ni mtu wa Bunda. Nikatazama kama kuna meza. Hakuna. Kuna mikeka tu, na watu wamekaa chini wamekunja miguu. Mlangoni tukaambiwa tuvue viatu. Wewe ulikuwa umevua kabla hujaambiwa. Hiyo niliiona. Mimi makatambuga yangu niliyavua, nikaingia nayo, nikayakalia. Viatu vinavyobaki nje vinasubiri mwenyewe mwingine.

Akaja mwanamke na birika na beseni, akatunawisha. Bi Tausi, mke wa Mzee Salehe. Si kijana, lakini meno yake yote yalikuwepo. Akasema, "Karibu Baba Bwire, leo umekuja na mwenyewe." Nikasikia. Jina la mwanangu limefikaje jikoni kwa watu wa Bunda?

Halafu vikaanza kuja vibakuli. Kimoja vitunguu, kimoja pilipili, kimoja ndimu zilizokatwa, kimoja maembe yaliyolowekwa yakawa rangi ya shaba, na viwili sikuvijua na sikutaka kuvijua. Vibakuli sita na chakula chenyewe hakijafika. Kwetu chungu kimoja, ugali mmoja, kila mtu anaona anachokula. Anayekuwekea vibakuli sita anakupoteza macho. Kisha likaja sinia la wali, juu yake kuku. Na kwako peke yako, kabla hujafungua mdomo, likaja bakuli la supu lenye mstari wa buluu. Watu wengine mkekani walikuwa na mabakuli ya bati. Lako la udongo mweupe.

Yule mwanamke akachuchumaa pembeni ya sinia, akampasua kuku kwa vidole vyake, na pande la paja akalisukuma upande wako. Kwetu mwanamke anayemmegea mwanaume nyama ni mama yake au ni mke wake. Mama yako nilimzika mwenyewe.

Na hakuonja. Wajukuu mnaosoma, sikieni, maana siku hizi mnapakua tu kama mnalisha bata. Kwetu anayeleta chakula anaonja kwanza mbele ya mlaji, ajue kilichomo ni chakula tu. Miaka yote sikuwahi kumwekea babu yenu ugali bila kumega tonge la kwanza nikalitia mdomoni mwangu. Kuku tu ndiye nilikuwa nampikia bila kuonja, kwa sababu mwanamke wa kwetu hali kuku, na yeye alikula kwa kuniamini. Huyu wa Bunda hakuonja kitu, na wewe, Baba Bwire, ulikula kama uko kwangu.

Akanitazama. "Mama, mbona hunyooshi mkono?"

"Mkono wangu hauna njaa."

"Basi onja supu tu."

"Ya nini?"

"Ya kuku."

"Kwetu kuku ni wa wanaume."

"Basi kwenu wanaume wana bahati," akasema. Akakutazama wewe, ukamtazama yeye, mkacheka. Wote wawili, kicheko kimoja, kama watu wenye neno lao. Hicho ndicho kilichoingia hapa kifuani kikakaa. Nikafungua kitambaa changu, nikatoa ugali wangu wa jana na samaki wangu, furu wakavu, nikawapa mgongo nikala.

Barabarani nikakuuliza, huyo mwanamke anakujuaje?

"Nakula pale."

"Kula tu?"

"Kula tu, Mama Bwire."

"Mtu hachekagi hivyo na mlaji."

Ukanyamaza. Kunyamaza kwako ndiko kulikokuponza. Ungenifokea ningekuamini. Butiama nilimpakata mjukuu wetu siku nzima macho yakiwa kwako. Watu wakasema bibi amemchukia mtoto. Mtoto sikumwona hata sura.

Miaka ikaenda hivyo. Ulikwenda Bunda, ukarudi, nikakunusa shati.

Halafu mwaka jana ukaugua kifua. Hapa naandika polepole. Ulikataa uji. Ulikataa ningu. Siku ya tatu ukasema, sauti ndogo, "Nitafutieni supu ya Bunda." Bwire alikuwa ameshachukua fimbo aende. Mimi nikamwambia akae chini. Nikakujibu mbele ya mtoto wako, "Kama unamtaka mpishi wako, aje akuuguze yeye." Ulinitazama, si kwa hasira. Ukageukia ukuta. Siku ya tano ukaenda zako.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri, na sababu haikuwa kilio. Nilikuwa na swali moja. Nilimkatalia mwanamke wa nje asiingie nyumbani kwangu, au nilimnyima mgonjwa wangu supu? Kama ni la kwanza, ningelala. Kama ni la pili, basi nani atanilaza?

Mwezi uliopita nikakwea lori, nikaenda Bunda peke yangu. Sikumwambia mtu. Nilitaka nimkute yule mwanamke hajajiandaa.

Mlangoni nikavua makatambuga, nikayashika mkononi, nikakaa mkekani penye kona ili nione jiko. Akaja na birika, kichwa sasa cheupe. Sikumsalimu. Likaja sinia. Nikakaza macho. Akachuchumaa, akampasua kuku, paja akalisukuma kwa dereva wa lori la pamba. Akapasua tena, akamsukumia mzee mmoja wa Butiama asiye na jino hata moja. Akapasua tena, akamsukumia tarishi wa Bwana DC, mtu mwenye sura ambayo hakuna mwanamke angeifuata hata hatua tatu. Kisha pande nono la kifuani akalisukuma kwangu. Nikajiuliza, na mimi ni mume wake?

"Kwa nini unawamegea watu?" nikamwuliza.

"Mgeni anaona haya kuchukua pande zuri. Mimi namwondolea haya."

"Wote?"

"Wote wanaokaa mkeka wangu. Mama yangu alifanya hivi, bibi yangu alifanya hivi." Akanitazama vizuri. "Wewe si ndiye uliyekalia viatu?"

"Ndiye mimi."

"Na mzee?"

"Nimemzika."

Akaweka chini alichokishika, akasema maneno ya dini yao, akakaa. Kukaa tu, kama mtu aliyechoka. Nikamngojea alie, nione analia kilio cha namna gani, maana kilio cha mke mwenzio unakijua. Hakulia. Akasema, "Mzee yule alinitesa sana."

"Alikutesa vipi?"

"Kwa ajili yako. Nikimpikia wali, anasema mke wangu ugali wake unasimama wenyewe. Nikimpa samaki, anasema huyu kwa mke wangu angekuwa bado ana heshima. Miaka yote nampikia mtu ambaye ulimi wake aliuacha Kiriba. Supu tu ndiyo alinisifia, kwa sababu alisema wewe kuku humwonji, unampika kwa kubahatisha."

Maneno ya kumpoza mjane nayajua, Baba Bwire. Yanauzwa kila matanga. Nikamwambia, "Taja kitu kimoja ninachofanya jikoni kwangu, kitu ambacho mtu hawezi kukibuni."

Hakufikiri. "Ugali ukiiva unagonga mwiko ukingoni mwa chungu mara tatu, halafu unaukemea: tulia wewe, wakubwa wanakuja. Ndipo unapakua. Alikuwa anaigiza hapa hapa, na sauti yako, watu wanashika mbavu. Siku ile ulipokuja tulikuwa tunangoja uukemee wali."

Nikatazama chini. Hicho ndicho kilikuwa kicheko chenu.

Bado sikuridhika. Nikainuka, nikaingia jikoni mwake bila kukaribishwa, nikaangalia rafu. Mabakuli ya udongo kumi na moja, kila moja na alama yake. "Ni ya wageni wa kila mwezi," akasema nyuma yangu, wala hakukasirika. "Lenye ua ni la dereva. Lenye ufa ni la yule mzee wa Butiama. Lenye mstari wa buluu unalijua."

Sasa nikuulize wewe. Miaka thelathini na zaidi ulikula kwangu, na ukimaliza ulisema neno moja tu, "Nimeshiba." Ningu nimekusafirishia kutoka ufukweni mpaka tumboni, unga nimekusagia kwa jiwe, na sifa zangu ukazibeba kama magendo ukazishusha Bunda, kwa watu wasionijua. Ulikuwa na haya gani? Ungenisukumia pande moja tu la neno, mara moja, ningekuamini hata ungekwenda Bunda kila siku. Sitakusamehe hilo upesi. Na mambo mengine nitaendelea kuyachunguza, maana watu wawili wakishacheka pamoja miaka mingi hivyo, mimi sifungi jicho lote.

Lakini lile la siku ya tatu nilikosea. Uliomba supu na ilikuwa supu. Nimeliandika mara moja, wajukuu wameliona, sitaliandika tena.

Nilipotaka kuondoka Bi Tausi akanijazia supu kwenye chupa, akaziba kwa gunzi la hindi, na lile bakuli akalifunga kwenye kanga kuukuu. Nikamwambia, onja kwanza. Akaonja, akanitazama, akatabasamu na yale meno yake. Nikachukua.

Nilipofika Kiriba niliipasha moto kwenye chungu changu. Nikagonga mwiko mara tatu. Kukemea nilishindwa. Nikaimimina kwenye bakuli lako, nikaja nayo hapo ulipo, asubuhi, watu wakiwa mashambani. Padri akisikia na afumbe jicho moja.

Ukaja ugumu. Nimeleta chakula, na anayeleta chakula anaonja kwanza mbele ya mlaji. Bi Tausi alionja Bunda, lakini mleta ni mimi. Na hiyo ni supu ya kuku, na mimi ni mwanamke wa Kiriba, nywele zimekuwa nyeupe sijaila. Nilisimama na bakuli mpaka supu ikaanza kupoa. Kisha nikaonja.

Chumvi ni ndogo. Ndimu imezidi. Ningejua miaka ile, ningekupikia bora kuliko hiyo, na Bunda ungekwenda kuuza samaki tu.

Iliyobaki nimekumwagia taratibu upande wa kichwa. Unywe, Baba Bwire, usiogope. Haina kitu ndani yake. Nimeionja mimi.

Mkeo,
Mama Bwire, bibi wa hawa wanaosoma