Kwa Mama, Uliyeivalisha Mitende Makoti

Mwaka umetimia, Mama, tangu uvae buti zako ukaenda stesheni, ukatuambia unakaa kidogo tu. Watu wanatuambia mwaka wa kwanza ukipita moyo hutulia. Wa kwetu haujatulia. Tunakuandikia tukiwa na hasira, utuvumilie kama ulivyotuvumilia siku zote.

Kwa wasiokufahamu, ulikuwa fundi wa kushona mahema. Miaka ishirini na sita kwenye karakana ile ile, cherehani ya pili kutoka dirishani. Ulipenda chai ya moto sana na hukuwahi kuinywa ikiwa ya moto, kwa sababu kila ukimiminiwa ulikumbuka kitu bustanini. Ulicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Na ulikuwa na mitende. Katika mji ambao jalidi, umande ulioganda, hulala kwenye majani miezi mitano kwa mwaka, wewe ulikuwa na mitende kumi na mmoja nyuma ya nyumba, ardhini kabisa, si kwenye ndoo sebuleni. Majirani waliiita minazi, wakakuuliza nazi zinaiva lini. Uliwajibu kwamba zinaiva siku wao watakapolipaka rangi lango lao.

Wa kwanza uliuokota nje ya ofisi moja, umetupwa na majani yake matatu. Baba, fundi bomba asiyeamini kitu chochote mpaka akikaze kwa spana, aliupa wiki mbili. Mtende ulipomzidi kimo, alianza kuusalimia akienda kazini.

"Baridi si kitu," ulikuwa ukisema. "Kinachoua ni maji yakilala moyoni mwake kisha yakaganda." Kwa hiyo ulichimba mashimo ukatia kokoto ili maji yapite, ukapanda kando ya ukuta unaopigwa na jua, ukayafunga majani kwa juu kama mtu anayebana nywele. Kisha ukaishonea makoti. Si ya turubai, ambayo ulikuwa nayo tele, bali ya kitambaa cheupe chepesi kinachopitisha hewa. Jua likitoka unavua, baridi ikirudi unavalisha.

"Mimi soksi zimetoboka," Baba alilalamika, "wakwe zako wa bustanini wana makoti."

"Wakwe zangu hawalalamiki," ulimjibu, sindano mdomoni.

Ndipo akaja bwana miti wa manispaa. Mtu mpole, viatu safi. Alikaa jikoni kwetu Jumamosi tatu, akaandika kila ulichosema kwenye daftari, akaondoka na mitende minne uliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu. Ulimsaidia kuipakia. Iliposimama vizuri mbele ya stesheni, kiliwekwa kibao: mitende hii imeoteshwa na kuzoezwa baridi na Idara ya Bustani. Chini yake jina lake na cheo chake.

Kaka alitaka kwenda siku ile ile. Ukamzuia mlangoni. "Achana nao. Si imependeza pale?"

Tunakukasirikia kwa hilo, Mama. Tuliseme sasa, maana ulipokuwa hai tulikuheshimu tukanyamaza. Ulikuwa mwepesi mno wa kuachana nao. Waliokuchukulia vyako walijifunza kwamba hutasema kitu, na walijifunza vizuri kuliko walivyojifunza mitende.

Baridi ya mwaka jana kila mtu anaikumbuka. Mabomba yalipasuka mtaa mzima, Baba hakukaa nyumbani hata saa moja. Ulikuwa na homa siku ya pili, umejifunika blanketi mbili, bwana miti alipobisha hodi. Alikuwa ameifunga mitende ya stesheni kwa nailoni. Jua la mchana liliifanya itoke jasho humo ndani, na jioni jasho likaganda.

"Mama, nimeharibu," alisema. "Nikiipoteza, wataniuliza."

Dada alikwambia, mbele yake, "Una homa. Mwambie tu la kufanya, atafanya mwenyewe."

"Hataweza kuyafungua majani bila kuyavunja," ulisema, ukivuta buti. "Nakaa kidogo tu."

Ulikwenda siku nne. Siku ya kwanza bwana miti alikushikia ngazi. Siku ya pili alikuwa na kikao, akatuma chupa ya chai. Siku ya tatu na ya nne hakutuma kitu. Baba ndiye aliyekushikia ngazi, kati ya bomba moja na jingine. Ulikausha moyo wa kila mtende kwa kitambaa, jani kwa jani, kule juu kwenye upepo, kisha ukaivalisha makoti uliyoyavua kwenye mitende yako mwenyewe. Yako ikabaki uchi.

Jioni ya siku ya nne ulisinzia mezani ukiwa umekaa, kofia kichwani. Daktari alisema mapafu yote mawili yameshikwa. Siku tisa tu, ukatutoka, Jumatano asubuhi, mkono wako ndani ya mkono wa Baba.

Kwenye mazishi bwana miti aliomba kusema neno. Akasema ulikuwa mpenzi wa mimea na uliwahi kuisaidia idara kidogo. Kidogo. Baba aliangalia chini. Sisi tuliangaliana.

Tuliandika barua tatu kuomba kibao kile kirekebishwe. Tulijibiwa moja, kwamba ombi letu linashughulikiwa. Joto liliporudi tukachoka kushughulikiwa. Jumamosi moja, mchana kweupe, abiria wakitazama, tulikwenda na sepetu nne na mkokoteni: Baba, kaka, dada, na mama mdogo, mdogo wako wa kushona mapazia, ambaye ulizoea kusema ana ulimi kama mkasi.

Mlinzi wa stesheni alitujia, akatusikiliza, akasema lazima apige simu. Alipiga. Akarudi kukaa kwenye kiti chake, akatugeuzia mgongo.

Bwana miti alifika tukiwa tumeshang'oa wa kwanza. "Hii ni mali ya manispaa," alisema.

"Nionyeshe mliinunua wapi," Baba akamwambia.

Bwana miti alizunguka mashimo. "Mkiing'oa sasa mingine itakufa. Mnajua hilo."

"Tunajua," Baba alisema. "Alitufundisha na sisi."

Hapo bwana miti alivua koti, akanyoosha mkono achukue sepetu iliyokuwa imelala. Mama mdogo akaikanyaga. "Hiyo iache. Wewe msaada wako ni chupa ya chai."

Kisha Baba, ambaye hajawahi kutupandishia sauti, akakionyesha kile kibao na kumwambia akitoe. Akajibu kwamba hilo linahitaji ruhusa ya mkurugenzi, asubiriwe mpaka Jumatatu.

"Mke wangu alikuwa na homa," Baba alisema. "Wewe ulisubiri?"

Hakupandisha sauti hata hapo. Alitoa bisibisi mfukoni akamnyooshea. Bwana miti aliipokea. Alipiga magoti akafungua skrubu zote nne, moja moja, akaondoka na kibao kwapani bila koti lake. Mlinzi alimkimbilia kumpelekea.

Tulirudi na mitende mitatu. Wa nne mizizi ilishaingia chini ya sakafu ya stesheni, tukaufunikia udongo tukauacha.

Tungependa kukwambia yote imeshika. Miwili imeshika. Wa tatu ulinyauka taratibu, mpaka siku moja Baba alivuta jani la katikati, akabaki nalo mkononi. Lilikuwa limeoza chini. Alikaa palepale kwenye majani makavu, na tulimwacha akae. Na kwenye ile yako uliyoiacha uchi, mitano haikuvuka baridi ile. Hesabu hiyo pia tunamdai mtu, na hatujui tumdai nani zaidi, yeye au wewe.

Ule wa stesheni unaendelea. Hauna kibao. Abiria wakimuuliza mlinzi ni wa nani, anawaambia ni wa yule mama fundi wa mahema, alipanda ngazi siku nne na homa yake. Hatukumwomba aseme hivyo.

Bwana miti ameomba aje nyumbani leo. Tumemwambia asije. Pengine mwaka mwingine, pengine isiwe. Wewe ungemfungulia mlango ukamwekea chai. Sisi hatujafika huko, na hatutaki kujifanya tumefika kwa sababu tu tarehe imefika.

Unakumbukwa na mumeo, fundi bomba, ambaye sasa ndiye anayevua na kuvalisha makoti asubuhi na jioni, na anafunga mafundo vibaya. Na wanao, mpishi wa shule na muuguzi. Na mdogo wako wa mapazia. Na wajukuu wawili wanaokuita Bibi Mitende. Na wenzako wa karakana, ambao bado hawajamkalisha mtu kwenye cherehani ya pili.

Hutatutoka moyoni, Mama. Na hatujapoa.